Robo Mzunguko

Shingo ya gitaa la besi haina siku ya kupumzika. Nyuzi nne nene huivuta mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima. Fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake huivuta kurudi nyuma. Muziki hutegemea mapatano ya nguvu hizo mbili.

Hapa Kigoma mapatano hayo hayadumu. Mvua zikianza Novemba, mti hunywa unyevu na kuvimba; kiangazi kikifika, husinyaa. Gitaa langu hubadilika na majira: mara nyuzi huinuka na kuumiza vidole, mara hushuka, zikagonga freti na kukoroma.

Marekebisho nayafanya mwenyewe. Kwanza naziweka nyuzi katika sauti zake. Nabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha natazama mwanya uliopo karibu na freti ya saba. Ukiwa kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara, shingo ni nzima. Ukizidi, nalegeza nyuzi, kisha nakaza nati ya fimbo kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Ukitoweka, nailegeza nati. Sivuki robo mzunguko. Narudisha nyuzi katika sauti, nalilaza gitaa usiku kucha, asubuhi napima upya. Nati ikigoma, naacha: hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Nayaeleza haya kwa kuwa nimeona, katika stoo za kwaya na bendi za Kigoma na Ujiji, magitaa yaliyohukumiwa kwa kosa la kupinda shingo. Yanasubiri fundi wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na vijana waliokuwa wakijifunza kuyapiga wameshatawanyika. Ofisi za umma nazo zina stoo zao: pampu, jenereta, mashine za kunakili, zote zikisubiri barua ijibiwe.

Ziwa letu linatufundisha vingine. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao, Graf von Götzen, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Mitambo iliyotunzwa hata siku ya kuzama iliweza kuamka.

Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Tumelihifadhi neno, tukaisahau spana. Mtumishi asiyeruhusiwa kugusa nati hujifunza kuandika barua tu. Vyuo vimfunze mwanafunzi kupima kabla ya kukaza na kujua pa kuishia. Naye mwajiri, atakapompokea, ampe ruhusa ya kugusa.