Isiolo: Mji wa jua unaohangaikia usiku

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Isiolo huvaa sweta na kulivua siku hiyo hiyo. Gari likishapita Nanyuki na kupanda hadi Timau, baridi ya Mlima Kenya hupenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha barabara huanza kuteremka. Masikio huziba, hewa hubadilika, na kabla abiria hajamaliza njugu zake, mbele yake kumetanda nyika pana ya rangi ya kahawia.

Isiolo uko yapata kilomita 285 kutoka Nairobi, juu kidogo tu ya mstari wa Ikweta. Enzi za mkoloni hapa palikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu hakupita kwenda mbele bila kibali. Hata baada ya uhuru, lami iliishia hapa kwa miaka mingi. Siku hizi lami inafika Moyale, na uwanja wa ndege ulifunguliwa rasmi mwaka wa 2017.

Mjini utakutana na Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru, na Wasomali ambao baadhi ya babu zao walikuwa askari wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wote hao wana biashara, na wote wana jua. Jua la Isiolo halina msimu wa kujificha kama la Ulaya. Huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na ifikapo saa sita mchana hata mbuzi hutafuta kivuli cha lori.

Basi ni ajabu kwamba katika mji huu wenye jua la kumwaga, niliyemkuta akilalamika sana kuhusu stima ni mama mmoja muuza maziwa.

Maziwa yenyewe ni ya ngamia. Wafugaji huyakama huko maporini, yakaletwa mjini ndani ya mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi. Akina mama huyapima, huyapoza kwenye friza usiku kucha, na asubuhi huyapakia kwenye basi kwenda mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ushirika wa akina mama wa Anolei umejulikana sana kwa biashara hii. Maziwa yakifika yakiwa mabichi, bei ni nzuri. Yakichacha njiani huuzwa kama suusa, na faida hupungua.

"Mwanangu, mchana sina shida," mama huyo aliniambia, akifunua friza moja kati ya sita alizo nazo. "Shida yangu ni usiku. Stima ikienda saa tatu, mimi silali."

Alinikumbusha Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipotumbukia gizani usiku. Sehemu nyingi zilikaa bila stima hadi siku ya pili. Sisi wa Nairobi tulitafuta mishumaa tukalala. Yeye alikaa macho akigusa mitungi, na kufikia asubuhi mingi ilikuwa imeanza kuchacha.

Baada ya hasara hiyo, mwanawe alimshauri anunue sola. Muuzaji mmoja alimletea makadirio ya mtambo mkubwa wenye betri ya kuendesha kila kitu: friza, taa, televisheni, mashine ya kupigia pasi na hata pampu ya maji. Bei yake ingemlazimu kuweka hati ya kiwanja rehani.

Hapo ndipo alipomwita fundi wa mtaani, kijana Mmeru mwenye bisibisi mfukoni, nami nikaketi nisikilize.

"Mama, paneli si tatizo," fundi alianza. "Paneli ni kama ng'ombe wa maziwa. Anakama mchana, lakini bila mtungi utamwaga chini. Betri ndiyo mtungi. Swali ni moja: usiku unataka kunywa kiasi gani?"

Wakapiga hesabu kwenye karatasi ya sukari. Friza moja yavuta kama wati 150. Kwa saa 12 za usiku, ikifanya kazi mfululizo kwa sababu ya joto, itakula yuniti 1.8. Friza sita ni karibu yuniti 11. Hayo ndiyo mahitaji halisi ya usiku. Televisheni na pasi zina mchana wake.

Sasa betri zenyewe. Zile za kawaida za risasi na asidi, jamaa wa betri za gari, hazipendi kumalizwa. Ukizoea kuzitumia zaidi ya nusu, zinakufa mapema. Kwa hiyo yuniti 11 zahitaji betri za yuniti 22, yaani tisa au kumi za volti 12 zenye ukubwa wa 200. Isitoshe, zinaogopa joto. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa kama nusu, na mabati ya Isiolo hayana huruma.

Betri za lithiamu zaweza kutumiwa hadi asilimia 80 au 90 ya uwezo wake, kila siku, kwa miaka mingi. Hapo zatosha za yuniti 13. Kulingana na shirika la BloombergNEF, bei ya wastani ya betri hizi duniani ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti mwaka wa 2010, na kufikia 2024 ilikuwa imeshuka hadi dola 115. Dukani bei ni kubwa kuliko hiyo, lakini mteremko ni ule ule.

Msomaji asidhani mambo haya yameanza jana. Katikati ya miaka ya 1980, upande wa Meru, Shule ya Sekondari ya Karamugi iliwekewa sola kwa juhudi za mwalimu Mark Hankins na mhandisi Harold Burris, wote Wamarekani. Majirani walipoona taa zinawaka bila kelele za jenereta, nao wakataka zao. Mafundi wa vijijini walizaliwa hapo. Wakati huo sola ilikuwa ya taa na redio. Leo inaingia viwandani, hotelini na kwenye majumba ya biashara. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliweka paneli za kilowati 600 mwaka wa 2014.

Lakini paneli peke yake ni mfanyakazi wa mchana. Hata kituo kikubwa cha Garissa cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, hunyamaza jua likitua, na hiyo ndiyo saa familia zinapowasha taa. Huko Merti, ndani ya kaunti hii hii ya Isiolo, mbali na nyaya za taifa, mji umetegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, sola ikisaidia kidogo tu. Kila lita ya dizeli hiyo lazima isafirishwe kwa barabara ndefu ya vumbi.

Turudi kwa mama. Baada ya hesabu, fundi aliuliza jambo lililomfanya acheke: "Barafu unatengeneza?"

Alitengeneza kidogo, ya kuuzia wapiti njia. Fundi akamweleza kwamba barafu nayo ni betri, tena ya bei rahisi. Kupoza lita 100 za maziwa kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 4 kwahitaji karibu kilo 30 za barafu. Ikigandishwa mchana, jua likiwa la bure, kazi ngumu ya usiku itakuwa imekwisha kufanywa. Usiku friza zitabaki kulinda ubaridi tu, na betri inayohitajika huenda ikawa nusu ya ile ya kwanza.

Mama alinyamaza, akaitazama karatasi ya sukari, kisha yale makadirio ya muuzaji.

"Kumbe nilikuwa naenda kurehani kiwanja nipigie pasi usiku," akasema.

Kabla ya kuagana alikuwa ameamua: paneli na betri ndogo ya lithiamu kwanza, barafu mchana, na kiwanja kibaki cha watoto. Fundi alimwonya mambo mawili. Betri ikae chumba chenye hewa, si chini ya bati. Na paneli zioshwe mara kwa mara, kwani vumbi la Isiolo hula stima kimya kimya.

Jua lilitua mnamo saa kumi na mbili unusu, ghafla kama kawaida ya huku. Adhana ikasikika, na mitungi ya mwisho ya siku ikaingizwa ndani. Mama akafunga friza ya sita, akaweka mkono juu ya kifuniko, akasikiliza kama inanguruma.

Ilikuwa ikinguruma. Usiku huo, angalau, stima haikupotea.