"Kitabu hakikulipi mshahara"

Huku Jozi sisi wazima, kazi zinakwenda hivyo hivyo, na barabara ya Jules bado ina magari mitumba kuliko watu. Leo sina picha wala habari za mpira. Kuna jambo limeingia katika familia na wengi wenu mmelisikia upande mmoja tu, kwa hiyo nami niseme langu.

Mnajua mdogo wangu ni tabibu katika zahanati ya mtu binafsi huko kwetu Muheza. Mwenye zahanati anataka kila mwenye homa aondoke na sindano na antibiotiki, hata kipimo cha malaria kikionyesha hana. Mdogo wangu amekataa, akamfungulia mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya. Akajibiwa: "Hicho kitabu hakikulipi mshahara." Sasa anaitwa mkaidi, na baadhi yenu (baba mdogo, shikamoo) mmemshauri atii tu, maana ndiye anayemtunza bibi na kusomesha wale wawili. Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Ila naona hamjajua kitabu chenyewe ni kitu gani.

Huku kila kliniki ya serikali ina kitabu cha aina hiyo, na manesi wanakiita EDL kama vile ni jina la mtu. Mwanangu wa miaka mitatu alipobanwa na kikohozi majira ya baridi, tulikwenda kliniki ya manispaa. Foleni, msiniulize. Tulipoingia, sista alimfunua mtoto kifua akatazama saa dakika nzima, akihesabu pumzi. Zilikuwa 34. Akanionyesha ukurasa: kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akatazama kama kifua kinabonyea, akauliza kama ananyonya vizuri maji na kama amepata degedege. Tukapewa parasetamoli na maelezo ya lini turudi mbio. Basi. Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, alimpeleka wake kwa daktari wa kulipia wiki ileile, akatoka na sindano, chupa tatu na pochi tupu. Watoto wote wawili walipona siku moja.

Sasa, sista yule hakubuni ile 40 kichwani mwake. Toleo la kwanza la kitabu chao lilitoka mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya uchaguzi uliomwingiza Mandela, na limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Kamati ya madaktari, wafamasia na wasomi wa vyuo vikuu inasoma utafiti, inapima faida, madhara na bei, kisha inatoa rasimu watu waikosoe. Kila mjumbe lazima atamke kama ana maslahi na kampuni yoyote ya dawa. Hapo ndipo penyewe. Mwenye duka la dawa hawezi kuwa ndiye anayeamua nani anahitaji dawa.

Wala msidhani mambo haya ni ya Bondeni tu. Mnaikumbuka dripu ya kwinini, masikio yakivuma? Utafiti uliosaidia kuiondoa ulifanyika katika nchi tisa za Afrika, na baadhi ya watoto walioshiriki walilazwa Teule, hapo hapo Muheza, na Korogwe. Watoto 5,425. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100, waliopewa artesuneti 8 na nusu. Matokeo yalitoka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa watoto wenye malaria kali. Kabla ya hapo klorokwini iliondoka 2001 ikaja SP, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto. Kila mara wazee walilalamika kwamba ya zamani ndiyo dawa. Kwa hiyo, baba mdogo, katika kitabu anachotukanwa nacho mtoto wako kuna jasho la watoto wa Muheza.

Kuna upande mwingine ambao Waafrika Kusini wanaujua kwa uchungu, yaani mwanasiasa anapotaka kuandika dawa. Wakati wa Mbeki, serikali ilitilia shaka ARV, na waziri wake wa afya akasifia vitunguu saumu, ndimu na viazi vyekundu vya bitiruti. Nevirapini, ya kumkinga mtoto wakati wa kuzaliwa, ilitolewa katika vituo 18 vya majaribio tu, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamuru Julai 2002 ienezwe. Mkuu wa hospitali moja ya Nelspruit, Dk. Thys von Mollendorff, alifukuzwa kazi kwa kuruhusu wanawake waliobakwa wapewe ARV. Madaktari wa chama cha matabibu wa UKIMWI waliendelea kuandika miongozo yao wenyewe bila kungoja waziri. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha zaidi ya 330,000. Sisi wa nchi ya kikombe cha Loliondo na nyungu tusicheke sana.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiondoa miongozo yake ya dawa kali za maumivu, baada ya wabunge wa Marekani kudai kwamba mkono wa mtengenezaji wa dawa ulikuwa umeingia humo. Kwa hiyo sisemi kitabu ni msahafu. Nasema tuulize nani amekiandika na nani amemlipa, na mwenye zahanati tumuulize vilevile.

Najua wagonjwa wenyewe wanataka sindano. Shangazi yangu bila sindano hajatibiwa. Lakini mdogo wangu akimchoma asiyehitaji, anamwachia hatari bila faida, na ile homa yenyewe, chanzo chake hakijatafutwa. Likitokea la kutokea, atakayeitwa kujieleza ni yeye aliyeandika cheti. Siku hiyo, akiwa na ukurasa wa kuonyesha, ana pa kusimama.

Nimeshazungumza na mke wangu. Akiachishwa, matumizi ya bibi ya miezi mitatu tutayatoa sisi huku, na ada ya wale wawili naomba tugawane na kaka wa Tanga, nitampigia Jumapili. Kuna nafasi zinatangazwa za serikali na anaomba. Mwenye neno aniandikie mimi. Yeye msimpigie wiki hii, yuko zamu ya usiku.