Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeisikia tangu Kidato cha Kwanza, na nimeitia katika insha zangu mara nyingi ili nijipatie alama. Lakini maana yake hasa niliijua likizo ya Agosti mwaka jana, nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, nilipopewa kazi ya kuipamba harusi ya dada yangu.

Kwanza niwaeleze wenzangu wa bara. Kwetu sisi, baada ya nikahi kusomwa msikitini, wanawake huwa na usiku wao wenyewe, nao huitwa kupamba. Bi harusi hutolewa akiwa na hina na piko mikononi, dhahabu shingoni na asumini kichwani, akaketishwa jukwaani ili watu wamtazame na kumtunza. Siku hizi jukwaa hilo limekuwa uwanja wa mashindano. Wapo wapambaji wa kulipwa, wenye viti kama vya wafalme, mapazia ya kumetameta na maua ya plastiki yasiyonyauka hata kiyama. Picha hufika kwenye simu za watu kabla bi harusi hajakaa vyema.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kujigamba. Bwenini niliwaambia wenzangu kwamba dada yangu ataketi kwenye kiti cha dhahabu na kwamba nitawaletea picha wazitazame mpaka wachoke. Basi fikirini hali yangu nilipofika nyumbani, zikiwa zimesalia siku kumi na nne, nikaambiwa mpambaji hayupo, ukumbi haupo, na shughuli itafanyika uani nyuma ya nyumba chini ya turubai.

“Uani?” nikamaka. “Hapo panapoanikwa nguo?”

“Hapo hapo,” mama akajibu huku akikanda unga wa mahamri. “Chakula kipo, watu wapo. Wataka nini tena?”

Nikamgeukia dada, aliyekuwa ameinamia cherehani yake. “Harusi gani hiyo haina mapambo? Mimi ntawaambia nini wenzangu?”

Dada hakunijibu. Aliendelea kukanyaga cherehani, tiki tiki tiki, kama mtu asiyesikia. Ningalijua ningaliuuma ulimi wangu. Lakini majuto ni mjukuu, mja kinyume.

Siku ya pili yake mama alinituma kabatini nimletee pesa za mchele. Dada alikuwa na bahasha tatu alizoziandika kwa mkono wake: CHAKULA, NGUO, MAPAMBO. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetuna. Ya tatu ilikuwa nyembamba kama jani. Udadisi ukanishika nikaifungua. Ndani hamkuwa na hata senti moja. Mlikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Nilipoikunjua, nikaona jina langu. Ilikuwa risiti ya karo yangu ya muhula wa pili, shilingi 19,500.

Wenzangu wa darasa watakumbuka. Mwezi wa Juni nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na baada ya siku tatu nikarudi mbio, nikicheka, nikisema kwamba ami yangu ametuma pesa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa nyumbani nami nikaamini. Kumbe ami hakutuma kitu. Tangu baba yetu atutoke, ni dada aliyekuwa akishona mchana na usiku, na kile kiti cha dhahabu nilichojigambia nilikuwa nimekila mimi mwenyewe, kwa njia ya vitabu na ugali wa bweni.

Nilikaa chini pale kabatini nikalia. Nyanya ndiye aliyenikuta.

“Wewe mwana, walia nini? Kuna msiba?”

Nikampa ile risiti. Nyanya hajui kusoma herufi hizi za kwetu, nikalazimika kumsomea, na kusoma kwenyewe kukawa adhabu. Aliponisikiliza hadi mwisho, akacheka taratibu.

“Sasa machozi yatapamba nini? Mimi siku yangu hakuna aliyekodi kiti. Nlipambwa kwa vilivyokuwa uani mwetu. Inuka. Lete daftari lako, uandike.”

Wasomaji, niliyoyaandika jioni ile ndiyo ninayotaka kuwagawia, maana huenda kesho na kesho kutwa nanyi mkawa na dada, kaka au shangazi wa kuozwa, na mifuko ikawa imetoboka.

La kwanza ni mlango. Nyanya alisema kwamba mgeni hupokewa na mlango kabla ya mwenyeji. Tuliomba matawi manne mabichi ya mnazi kwa jirani, tukayapasua katikati ya uti, tukayasimamisha pande mbili za njia na kuyafunga ncha kwa juu yakawa upinde. Vijiti vya majani husukwa viwili viwili, mithili ya kusuka ukili. Kazi hii ifanyweni asubuhi ya siku yenyewe, kwani jani la mnazi hukaa kijani siku nzima, lakini likilala huanza kujikunja. Maua ya bogenvilia ndiyo yanayochomekwa mwisho kabisa. Yana rangi ya kupendeza ila hayana subira. Ukiyachuma asubuhi, alasiri yamekwisha kusinyaa.

La pili ni harufu. Mpambaji wa plastiki humpambia jicho, bali mzee wa pwani huanza na pua. Tulitaka kila mgeni apewe kikuba cha kuchomeka kifuani. Tulitarajia wageni 120. Kikuba kimoja kilihitaji vikonyo viwili vya mrihani, vichipukizi vitano vya asumini na kipande cha mkadi, vikafungwa pamoja kwa uzi wa mgomba. Pigeni hesabu: asumini 600! Siri yake ni kuzichuma alasiri zingali zimefumba, kisha kuzifunika kwa jani la mgomba lililorashiwa maji. Hufumbuka zenyewe usiku, mgeni akiwa nazo kifuani, na harufu humjia kama aliyeitwa jina. Nao udi uliwekwa chetezoni juu ya makaa, mlangoni, ili nguo za kila aingiaye zifukizwe.

La tatu ni mwanga. Tulikusanya chupa tupu za jemu, tukatia mchanga wa pwani hadi nusu, na katikati tukasimamisha mshumaa. Mchanga huushika mshumaa usianguke, nao mwanga hutulia. Ila jihadharini: chupa hizo zikae chini, kando ya mikeka, mbali na makuti na nguo. Kwenye makuti tulitundika taa za umeme tulizoazima. Harusi isigeuke moto wa kuzimwa na majirani.

La nne lilikuwa jukwaa, na hapo ndipo nilipotaka kufa kwa fedheha. Nilikuwa nimeazima kwa jirani shuka tatu nyeupe pepepe za kufunika ukuta nyuma ya bi harusi. Kwa ujuaji wangu nikakata migomba miwili na kuiegemeza juu ya shuka hizo, usiku wa kuamkia harusi. Asubuhi niliporauka, salaale! Utomvu wa mgomba ulikuwa umechuruzika, na shuka zilikuwa na madoa ya hudhurungi kama ramani ya mito ya Kenya. Nikafua, nikasugua, nikatia limau. Wapi! Yeyote aliyewahi kuvaa shati jeupe akikata ndizi anajua kwamba doa la utomvu halisikii sabuni. (Shuka nililipa, kwa kumshonea jirani foronya muda wote wa likizo ya Desemba.)

Ilikuwa saa tatu asubuhi, wageni wafike usiku, na ukuta u mtupu. Nikamfuata nyanya nikitetemeka. Hakunikemea. Alifungua kasha lake la mbao, akatoa leso iliyokunjwa, inayonukia udi, rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kilikuwa kisutu, ile leso ya maharusi wa zamani, aliyovikwa yeye siku yake.

“Tundika hii,” akasema. “Kisha uende kwa kila mwanamke anayempenda dada yako, umwambie akupe moja. Usimwombe mpya. Mwombe anayoipenda.”

Hapo hesabu za darasani zikanifaa. Leso moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Ukuta wetu ulikuwa na upana wa mita sita na kimo cha mita tatu na kitu. Nne kwa ubavu, tatu kwa kimo: leso 12. Nilikuwa nayo moja. Nikazunguka mtaa mzima na wenzangu wawili wa Chama hiki cha Kiswahili waliokuja kunisaidia. Wao wanajijua, na nawashukuru hapa hadharani.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyetunyima. Shangazi alitoa aliyonunuliwa na marehemu baba Barabara ya Biashara alipopata mshahara wake wa kwanza. Mama alitoa aliyombebea dada mgongoni. Mwenye duka la makaa, ambaye hatukudhani anatujua, alitoa yake akisema, “Dada yako alinishonea sare za wanangu kwa mkopo, wala hajanidai.” Kila leso ilikuja na kisa chake, nami nikawa kama niliyetumwa kukusanya habari za dada yangu nisizozijua.

Kama mjuavyo, leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi. Tulizitundika kwa pini bila ya kuzitoboa penye maua, majina yote yakitazama mbele yasomeke. Usiwahi kuigeuza leso kichwa chini, mwenyewe atakuona umemtukana! Sharti pia usome kabla ya kutundika. Moja ilikuwa na kijembe kikali cha mke mwenza, tukairudisha upesi kabla haijaanzisha vita. Kisutu cha nyanya, ambacho hakina maandishi, tukakiweka katikati, nyuma ya kichwa cha bi harusi. Zote zilisema, hicho kilinyamaza.

Usiku ulipoingia, wageni walipita chini ya upinde wa makuti, wakafukizwa, wakapewa vikuba, wakaketi kwenye mikeka ya ukindu. Nilijibanza nyuma ya mlango, moyo ukinidunda. Yupo mama mmoja mtaani kwetu asiyesifu kitu. Harusi zote huziona na zote huzitia kasoro. Alisimama mbele ya ukuta ule, mikono kiunoni. Nikasema leo nimekwisha. Mara akanyoosha kidole. “Aa! Si leso yangu hiyo?” Ilikuwa yake kweli, binti yake alinipa. Akaisoma jina kwa sauti, akapiga kigelegele, na wanawake wote wakamwitikia. Kuanzia hapo kila aingiaye alienda kwanza kuitafuta leso anayoijua, akiwaeleza wenziwe ni ya nani na ya mwaka gani. Hakuna aliyeuliza kiti cha dhahabu kiko wapi.

Kisha dada akatolewa, uso umefunikwa. Aliketishwa kwenye kiti chetu cha sebuleni, tulichokivika kitambaa na mashada ya asumini. Alipofunuliwa, kwa ada ya bi harusi, alitazama chini. Lakini nilimwona akigeuza shingo kidogo, akakiona kisutu cha nyanya, kisha leso ya mama, kisha ile ya baba. Wanja wake ukaharibika, ikabidi somo yake aupake tena.

Usiku wa manane, nilipokuwa nikichomoa pini na kukunja leso za watu, nilimfuata chumbani. Nikamwekea ile risiti mkononi. Sikuwa na maneno. Hotuba niliyoitunga siku zote kumi na nne ilinipotea.

Dada aliitazama, akaikunja tena mara nne.

“Nani alikwambia ufungue bahasha za watu?” akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: “Mapambo ni ya usiku mmoja, mdogo wangu. Asubuhi yanakunjwa. Wewe nilikutaka usikunjwe.”

Wasomaji wapenzi, sina haja ya kuongeza mengi. Siwaambii msikodi viti wala msinunue maua, mwenye nacho na afurahi nacho. Ila mkiambiwa mpambe harusi, kabla ya kuuliza bei ya mapazia, ulizeni kwanza bi harusi huyu ni nani, amemfanyia nani wema, na uani mwao mmeota nini. Mkiyajua hayo, mapambo yatajileta yenyewe. Na ukikutana na jukwaa lililopambwa likapambika, usishangae tu. Tafuta nyuma ya pazia uone ni nani aliyekesha, na ni bahasha ya nani iliyobaki tupu.

Ile risiti bado ninayo. Dada aliniachia. Imo ndani ya sanduku langu la vifaa vya hesabu, chini ya bikari, na kila ninapotaka kusinzia wakati wa maandalio ya usiku, mimi huifungua nikaisoma.