Krismasi Katika Nyumba ya Baba

Katika nyumba yetu ya Kinondoni, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, Krismasi haikupata kuwa sikukuu ya watu wa dini moja, kwa sababu chini ya paa lile waliishi Wakristo na Waislamu, familia yetu na wapangaji, wakateka maji katika bomba moja na kupika ua mmoja, hata siri ya chungu cha mtu haikudumu hadi adhuhuri.

Nilipopata akili, mwanzoni mwa miaka ya 1980, taifa lilikuwa katika dhiki iliyofuatia vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa adimu, vikipatikana kwa foleni na kwa kipimo. Uhaba huo ndio uliozaa ugomvi wa wazazi wangu kila Desemba: baba, mzaliwa wa Upare, alitaka akiba iliyokuwapo iwe nauli ya kwenda kuwaamkia wazee wake milimani, na mama alishikilia kuwa ni fedheha watoto kwenda kanisani na nguo zilizochakaa. Zilipita siku wasisemezane ila kwa kututuma sisi watoto. Msuluhishi wao alikuwa Bibi wa chumba cha mbele, Mzaramo mcha Mungu asiyekosa sala tano, ambaye alimwita baba ukumbini akamwambia, "Mwanangu, sikukuu haiingii nyumba iliyonuna." Kisha akatoa sukari aliyoihifadhi, mpangaji mwingine akaleta mchele, wa tatu nazi, na chakula cha Krismasi kikapatikana kwa mikono ya wengi, nasi watoto tukapeleka sahani zilizofunikwa kwa kawa chumba hadi chumba, kama zilivyotujia sisi siku ya Idi.

Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, na Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais mwaka uliofuata, maduka yalianza kujaa, na nguo za mitumba zikamwezesha mama kutuvika bila kugusa nauli ya baba. Lakini neema nayo ina fitina zake. Kila chumba kikaanza kupika peke yake, na kaka yangu mkubwa, aliyeona fedha ikizunguka Kariakoo, aliacha masomo akaingia biashara kinyume cha radhi ya baba, akahama bila kuaga. Aliporudi ilikuwa Desemba, miaka michache baada ya televisheni kuanza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, naye alibeba televisheni kuwa zawadi ya kuomba sulhu. Baba hakumjibu upesi. Alitazama chini muda mrefu, kisha akaamuru chombo kile kiwekwe ukumbini, si chumbani mwake, ili kila aliye nyumbani aone. Sote tukafahamu kuwa mwana amesamehewa.

Mwaka 2000 Krismasi iliangukia katika siku za mwisho za Ramadhani. Bibi, aliyekuwa amezeeka sana, alikuwa amefunga, na mama akakata shauri kwamba pilau isipakuliwe mchana nyumbani kwetu. Wadogo walinung'unika, lakini baba akaafiki. Na adhana ya magharibi ilipolia, tukakaa jamvi moja, waliofunga wakifuturu kwa tende na uji, sisi tukila sikukuu yetu. Idi ilipofika baada ya siku chache, sahani zetu zilirudi zimejaa.

Wazazi walipofariki, nyumba ikawa urithi, na urithi ukawa fitina. Wengine walitaka iuzwe, kwa kuwa thamani ya viwanja vya Kinondoni ilikuwa imepanda. Wengine waliona kuuza ni kufukua kaburi la wazee. Tukapitisha Krismasi kila mtu kwake, mmoja Temeke, mwingine Mbagala, tukitumiana fedha kwa simu na kudhani kuwa fedha hiyo yatosha kuwa salamu. Haikutosha, kwa maana fedha ya simu haimwulizi mtu mbona amekonda, wala haimwoni mtoto aliyekua bila kuwajua binamu zake.

Mwishowe nyumba iliuzwa, na kila mmoja akapata haki yake; lakini katika kikao hichohicho dada yetu mkubwa aliweka sharti, nasi tukalikubali, kwamba Krismasi izunguke kwa zamu katika nyumba zetu, kwamba mkesha wake wenye kinyongo wakiseme mbele ya wote, na kwamba sahani ya kwanza itoke kwenda kwa jirani kabla ya yeyote kuonja. Tungali tunagombana, kwa kuwa sisi ni ndugu. Ila nimeyakinisha kwamba tulichorithi kwa wazazi wetu hakikuwa kiwanja, bali desturi ya kupatana kabla ya kula. Na desturi hiyo, tofauti na kiwanja, kila mrithi anaweza kuichukua nzima.