Tabibu wa Nyasi Zilizokanyagwa

Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo hukomea hapo. Haielezi ni nani huinama kuziinua nyasi zenyewe vumbi linapokataa kutua. Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, yuko aliyeinama: Daktari Denis Mukwege.

Alizaliwa mwaka wa 1955, mwana wa mchungaji. Akiwa mtoto aliandamana na babake kumwombea mgonjwa mdogo, akashangaa mbona dua haikufuatwa na dawa. Azma yake ya utabibu ilichipuka hapo. Alisomea udaktari Burundi na kubobea katika magonjwa ya wanawake nchini Ufaransa, kisha akarejea Lemera, ambako akina mama walikuwa wakifa katika uzazi. Oktoba 1996 vita viliifikia hospitali hiyo. Wagonjwa wakauawa vitandani. Yeye akanusurika.

Mwaka wa 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi. Nia ilikuwa kuwazalisha wanawake kwa usalama. La kuatua moyo ni kwamba mgonjwa wa kwanza hakuwa mja mzito, bali mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi. Wakafuata wengine, maelfu kwa maelfu. Miaka ikapita, na daktari aliyemtibu mama akaletewa binti wa mama yuyo huyo. Je, tiba gani hiyo isiyokoma? Sindano ya mpasuaji hushona jeraha. Haiuzuii mkono wa mwenye bunduki.

Ndipo alipoamua kunena. Septemba 2012 alizungumza katika Umoja wa Mataifa, akiwalaumu wakubwa kwa kimya chao. Mwezi uliofuata watu wenye silaha walivamia nyumba yake. Mlinzi wake aliuawa. Daktari alikimbilia Ulaya pamoja na aila yake, na nani angemlaumu iwapo angebaki huko?

Waliomrudisha si wafalme wala mabalozi. Ni wanawake maskini, waliouza nanasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya ndege, wakaahidi kumlinda kwa zamu. Januari 2013 akarejea. Waama, nyasi zilikuwa zimemwinua aliyeziinua.

Mwaka wa 2018 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Tuzo ilikuja, amani haikuja: Februari 2025 Bukavu yenyewe ilitwaliwa na waasi wa M23.

Wengi wa wanawake wa mji huo husimulia masaibu yao kwa Kiswahili, lugha ile ile inayochambuliwa katika kumbi za mihadhara kwa vina na mizani. Msomi ambaye sikio lake limezoea utamu wa lugha hiyo hana budi kuusikia pia uchungu wake. Muuza nanasi hakuwa na shahada. Alijua tu kwamba mkono uliomponya haufai kuachwa peke yake.