Jaji Aliyekokotwa Ofisini Kwake

Mimi ni kijana wa Lobule, hapa Koboko, najitolea kama mkalimani. Mwezi uliopita tulienda Arua kwa mafunzo ya siku mbili. Wakili aliyetufundisha akatuelezea habari za Benedicto Kiwanuka mpaka soda yangu ikapata moto mkononi. Hilo jina sikuwahi kulisikia.

Kiwanuka alizaliwa Masaka mwaka 1922. Alikuwa askari wa KAR wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadaye akasomea sheria London. Akarudi, akaongoza chama cha DP, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa sana, Aprili akashindwa uchaguzi. Mwaka 1969 Obote akamfunga. Aliyemtoa jela ni Idi Amin, 1971, na mwaka ule ule akamfanya Jaji Mkuu.

Hebu fikiria. Mtu amekutoa jela, amekupa cheo. Mimi ningenyamaza tu! Lakini Septemba 1972 akaletewa kesi ya Mwingereza aliyeshikwa na wanajeshi bila sheria, Kiwanuka akaamuru aachiliwe. Tarehe 21 mwezi huo watu wa Amin wakaingia Mahakama Kuu, Kampala, kweupe, wakamkokota kutoka ofisini kwake. Hakurudi. Mwili wake haukupatikana.

Hapa Koboko si rahisi kuongea hivyo, juu ukoo wa Amin ni wa hapa. Nilimwuliza mzee mmoja mwenyeji anayetuazima shamba. Alinyamaza kwanza. Halafu: "Mwanangu, Amin alipoanguka 1979, sisi ndo tulilipa. Tulikimbilia kwenu Congo." Kumbe mzee wangu naye alishakuwa mkimbizi, tena upande wetu.

Sasa, kwa nini nawaandikia. Tuliporudi kutoka Arua nikakuta rafiki yangu ameshikwa, na ilikuwa siku ya nne. Mama yake alinijia jioni. Sheria niliijua, ilikuwa bado kwenye daftari: Katiba ya 1995, kifungu cha 23, masaa 48 mtu afikishwe mahakamani au aachiliwe. Lakini kwenda kumwuliza afande wakati mfukoni una kadi ya mkimbizi, tumbo linakata. Nikamwambia mama tungoje Jumatatu.

Usiku sikulala. Nilikuwa nawaza yule jaji, aliyejua kabisa nani alimpa kile kiti.

Asubuhi tukaenda. Niliuliza kwa sauti ndogo, ikabidi nirudie. Afande akataka kujua mimi ni nani. Nikamtajia jina langu lote, akaandika. Tukakaa chini ya mwembe mpaka saa tisa, ndo rafiki yangu akatoka, viatu havina kamba. Mama hakusema kitu. Alikata kipande cha kitenge chake, akainama kumfunga, mtu mzima wa miaka 19.