Mlima Haujali Misuli Yako

Wasee, mbogi yetu hapa Majengo, Meru, imepanga kupanda Mlima Kenya Disemba. Mpango wenyewe: tutoke Ijumaa, Jumapili tuwe tushapiga video Point Lenana. Nimewaambia kwa hiyo haraka mimi siendi. Tangu hapo naitwa muoga mpaka nimezoea. Wacha niwaeleze.

Kwanza wananiambia, "Si uliacha chuo, uko na masaa yote ya jimu?" Ni kweli, niliacha, na nakimbia kila asubuhi. Lakini mazoezi hujenga moyo na miguu, hayabadilishi hewa. Meru mjini tuko kama mita 1,500 juu ya bahari. Lenana ni mita 4,985. Huko juu oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila presha ya hewa imeshuka karibu nusu. Kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni anayopata mtu wa Mombasa.

Mwili si mjinga. Unahema haraka, moyo unapiga mbio, unakojoa kila saa. Figo nazo zinatoa homoni ya kuagiza seli nyekundu zaidi za damu. Shida ni kwamba hiyo kazi huchukua siku kadhaa, hata wiki, na sisi tumeupa mwili wikendi moja. Ukiulazimisha, kichwa kinauma, unatapika, usingizi unapotea. Ukizidi kupanda ukiwa hivyo, mapafu yanaweza kujaa maji ama ubongo uvimbe. Hapo ni kushuka ama kufa. Na ukiwa fiti usijidanganye: miguu yako inaweza kukufikisha juu kabla damu haijajipanga.

Halafu kuna ile ya "sisi ni watu wa mlima." Manze, kuuona Kirimara ukianika nguo si sawa na kulala juu yake.

Mwaka wa 2022, James Kagambi alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, mita 8,849, akiwa na miaka 62. Huko watu hukaa wiki nyingi wakipanda na kushuka ili mwili uzoee. Mei 2024, Cheruiyot Kirui alijaribu kilele hichohicho bila oksijeni ya mtungi. Hakurudi, na mwelekezi wake Nawang Sherpa pia hakurudi. Simsemi vibaya hata kidogo. Alikuwa amejiandaa kuliko sisi sote tukiunganishwa. Kama mlima unaweza kumshinda mtu kama huyo, sisi wa wikendi ni nani?

Kwa hivyo masharti yangu ni haya. Twende siku tano. Tukipita mita 3,000, tusilale zaidi ya mita 500 juu ya pale tulipolala jana. Anayeumwa kichwa aseme, na hakuna kumcheka. Akizidiwa ashuke papo hapo, hata kama ni usiku, na mtu amsindikize. Video itangoja. Mlima hauhami.

Nimeuliza kwa grupu: nani yuko tayari kuwa wa kwanza kusema "nashuka"? Hadi sasa wote kimya. Atakayejibu, huyo ndiye nitapanda naye.